Lori ni la Msaada, Dizeli ni ya Nani?

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walishindwa kuvumilia. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake katikati ya makazi yao: moshi unaingia vyumbani, harufu haina saa, nzi hawafukuziki. Wakaishtaki halmashauri ya jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute dampo mahali ambapo halitamdhuru mtu. Jiji halikuondoka. Lilirudi mahakamani kuomba liongezewe muda, kisha likarudi tena. Jaji Lugakingira alipofikiwa na ombi mojawapo hakuficha mshangao wake. Alisema hajapata kusikia mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha uhai wa watu.

Wanafunzi wa sheria huisoma kesi hiyo kama kesi ya haki ya kuishi, na ndivyo ilivyo. Mimi kila nikiisoma naona pia kesi ya bajeti. Jiji lilijua fika kwamba dampo lipo pabaya. Kilichokosekana ni mahali pengine palipoandaliwa, na fedha za kupaandaa. Baadaye dampo lilihama, likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka Posta. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kesi ile leo ana mtoto wa sekondari, na kauli ya jiji haijabadilika sana: tunajua la kufanya, tunatafuta fedha.

Huko kutafuta fedha ndiko ninakotaka tukuangalie kwa utulivu. Tunasikia redioni kwamba manispaa fulani imepata mabilioni ya kuchakata taka, tunashangilia au tunaguna. Miaka mitatu baadaye mtambo umefungwa kwa mnyororo, nyasi zimeota hadi mlangoni, na hakuna anayeweza kutueleza kilichotokea katikati. Mara nyingi kilichotokea si wizi. (Mara nyingine ni wizi, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Majina matatu, kibao kimoja

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno. Kwa watu wa halmashauri, ruzuku ni fedha zinazoshuka kutoka Hazina: mishahara, matumizi mengineyo, na za maendeleo. Msaada ni fedha za mfadhili zisizorudishwa. Mkopo wa masharti nafuu ni mkopo kamili, ila riba yake ni ndogo na muda wa kulipa ni mrefu. Ndani ya faili haya ni mambo matatu tofauti. Siku ya uzinduzi yote huwa ni kibao kimoja chenye nembo nyingi, utepe na mkasi.

Uangalie mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao kwa sehemu ni habari ya taka, kwa sababu mto ule hufurika haraka zaidi unapokuwa umezibwa na chupa, viroba na mchanga. Kifurushi chake, kilichoidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, kilikuwa dola milioni 260. Kati ya hizo, milioni 200 zilikuwa mkopo wa benki hiyo, milioni 30 mkopo kutoka Hispania, na milioni 30 msaada kutoka Uholanzi. Kwa hiyo fedha za bure ni milioni 30 tu kati ya 260. Nenda kijiweni Magomeni ukauliza, utaambiwa zote ni msaada wa Wazungu.

Sasa ongeza fundo la pili. Mkopo wa namna hii huchukuliwa na serikali kuu, na kwa kawaida anayelipa deni ni Hazina. Fedha zikishafika kwenye halmashauri zinafanana kabisa na ruzuku, maana hakuna mtu wa manispaa atakayepigiwa simu na mkopeshaji. Hali hiyo inamfaa mkurugenzi, lakini inaondoa swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angeuliza kabla ya kununua mashine: itanirudishia nini, na lini?

Hazina nayo ina utaratibu wake wa kushindanisha halmashauri. Miaka ya karibuni imegharamia ile inayoitwa miradi ya kimkakati. Soko la Kisutu na stendi ya Mbezi Luis ni mifano ambayo wakazi wa Dar wanaifahamu. Sharti kuu ni kwamba mradi uiingizie halmashauri mapato ili ipunguze kuitegemea serikali kuu. Ni sharti la busara, ila ndipo taka zinapokwama. Kizimba cha sokoni kina mpangaji anayelipa kodi na stendi ina ushuru wa basi, lakini dampo halina mteja. Manufaa yake ni kipindupindu ambacho hakikutokea na mtaro ambao haukuziba, na hakuna karani anayeweza kukata risiti ya kipindupindu ambacho hakikutokea.

Andiko linavyosafiri

Ombi la fedha linaitwa andiko la mradi, au andiko tu. Huandikwa na wataalamu wa mazingira na mipango wa halmashauri, mara nyingi wakisaidiwa na mshauri au asasi, na hupita kwenye menejimenti, kisha Kamati ya Fedha, kisha Baraza la Madiwani. Likitoka hapo linapanda ngazi ya mkoa, TAMISEMI, hadi Hazina, kwa kuwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 imemweka Waziri wa Fedha kuwa mlango wa misaada inayotolewa kwa serikali. Fedha za tabianchi zina lango jingine pia. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wa kimataifa unaosaidia nchi zinazoendelea, haumpi meya hundi mkononi. Hupitisha fedha kwa taasisi ulizozithibitisha. Hapa nchini benki ya CRDB ilipata uthibitisho huo mwaka 2019.

Urefu wa ngazi siulaumu sana. Manispaa ikiruhusiwa kusaini mkataba na mfadhili yeyote anayekuja na mkoba, tutaishia na mitambo ya kila aina isiyo na vipuri. Kinachoumiza ni kalenda. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mfadhili ana mwaka wake. Fedha zikiidhinishwa Novemba hazina kasma, yaani hazina mstari wa bajeti wa kukaa, hivyo inabidi kusubiri au kuomba kibali cha kuziingiza. Wakati huo mfadhili anahesabu miezi ya mradi wake, na ripoti ya kwanza inakuja ikisema utekelezaji ni asilimia sifuri.

Halafu kuna mchango wa halmashauri. Wafadhili wengi hutaka mwombaji naye aweke chake, na halmashauri isiyo na fedha taslimu huweka ardhi. Kwenye karatasi ardhi ni bure. Pembezoni mwa Dar es Salaam hakuna ardhi tupu. Kuna mihogo, kuna msingi wa nyumba ulioanza mwaka juzi, kuna mzee mwenye karatasi ya serikali ya mtaa. Fidia yao huwa haimo kwenye msaada, ni jukumu la serikali. Mradi wa miezi 36 unaweza kumaliza miezi 20 ukibishana kuhusu minazi.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote nililokutana nalo halikuwa la fedha wala la ardhi. Niliwahi kusaidia kuandika andiko la taka kwa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Fomu iliuliza, kwenye ukurasa wa pili: mnazalisha tani ngapi kwa siku? Tukatazamana. Hakuna mtu aliyewahi kupima. Hapakuwa na mizani ya magari dampo. Kulikuwa na daftari lenye idadi ya safari, na lori lililojaa manyoya ya kuku liliandikwa sawa na lori lililojaa mchanga wa mtaroni. Tukafanya kinachofanywa na wengi, tukachukua idadi ya watu tukaizidisha kwa makadirio ya kilo kwa mtu kwa siku.

Tazama hesabu hiyo inavyoteleza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Ukisema kila mmoja anatupa kilo 0.8 kwa siku, unapata tani 4,307 hivi. Ukisema kilo 0.6, ambayo si makadirio ya kichekesho, unapata tani 3,230. Tofauti ni zaidi ya tani 1,000 kwa siku, yaani malori zaidi ya 100 ya tani 10, na malori hayo yamezaliwa na desimali moja. Mtambo utakaojengwa kwa kutegemea desimali hiyo utakuwa mkubwa mno au mdogo mno, na kosa litajulikana baada ya saruji kukauka.

Hesabu ya lori moja

Misaada mingi ya taka hununua vitu: malori, mapipa, majengo, mashine za kukata plastiki. Kuna sababu. Kitu kinahesabika, kina namba ya usajili, mkaguzi anaweza kukigusa. Mshahara na dizeli vikishaliwa havionekani, na mfadhili anaogopa, kwa haki kabisa, kwamba akianza kulipa mishahara hatapata pa kutokea. Matokeo yake halmashauri hupewa mtaji na kuachiwa uendeshaji, na kwenye taka uendeshaji ndio gharama yenyewe. Taka hazisubiri, leo ukizizoa zote, kesho asubuhi zipo tena.

Tupige hesabu ya kubuni lakini isiyo mbali na maisha. Tuseme manispaa imepewa lori jipya bure. Linakwenda dampo mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi kilomita 70 kila safari, jumla kilomita 140. Lori la taka lenye mzigo, kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, linaunguza lita moja kwa kilomita mbili na nusu, kwa hiyo lita 56. Dizeli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita. Hapo ni shilingi 168,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 4,368,000 kwa mwezi. Hatujamlipa dereva, hatujawalipa vijana wanne wanaopanda nyuma, hatujagusa tairi, na barabara ya kuingia dampo ni adui wa tairi.

Sasa upande wa mapato. Ada ya taka tuiweke shilingi 3,000 kwa nyumba kwa mwezi. Dizeli peke yake inahitaji nyumba 1,456 zinazolipa. Ikiwa anayelipa ni mmoja kati ya wawili, lori lihudumie nyumba 2,912 ili lipate mafuta tu. Je, lori moja, kwa safari mbili, litafika kwenye nyumba 2,912 mara ya kutosha kiasi kwamba wenye nyumba waone ada ina maana? Wakiona lori mara moja kwa wiki mbili wataacha kulipa. Wakiacha, lori litakuja mara moja kwa mwezi. Umelijua duara hilo hata bila hesabu. Labda unaishi ndani yake.

Utaratibu wa ukandarasi nao unaongeza msokoto wake. Mwaka 1994 jiji lilianza kukabidhi uzoaji kwa kampuni binafsi, likianza na kata za katikati ya mji, na tangu hapo makampuni na vikundi vingi vimeingia. Mkandarasi anayejilipa kutokana na ada anazokusanya mwenyewe atapenda mitaa inayolipa na inayopitika. Uswahilini, ambako nyumba zimebanana na gari halipiti, kazi inabaki kwa kijana wa mkokoteni, au kwa mvua. Anayesema watu wa uswahilini hawapendi usafi hajawahi kubeba ndoo ya taka umbali wa mita 400 kufuata lori lisilosubiri.

Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwenye LUKU tangu 2021, na huwa najiuliza kwa nini ada ya taka isipite njia hiyo. Jibu ninalopewa ni kwamba wapangaji sita wenye mita moja watagombana. Watagombana, ndiyo. Wanagombana hata sasa, kuhusu umeme.

Mboji ya Mabwepande

Kama kuna mahali pa kuelewa haya yote kwa mara moja, ni Mabwepande, wilayani Kinondoni. Dar es Salaam na Hamburg ni majiji rafiki tangu 2010, na kutokana na urafiki huo, kwa fedha za Wizara ya Mazingira ya Ujerumani, kilijengwa pale kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji.

Wazo lenyewe ni zuri, na nalisema bila kusita. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, mabaki ya ugali, magunzi. Ni taka nzito na zenye maji, kwa hiyo kuzichoma ili kupata umeme ni kama kuwasha kuni mbichi. Ukizifukia bila hewa zinatoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 hulipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, na ndiyo maana wafadhili wa tabianchi wanapendezwa na maganda yetu ya ndizi. Taka za sokoni zina sifa ya ziada: hazijachanganyika sana na chupa na nepi. Ukitoa maji na kuziacha zioze kwa hewa, zinasinyaa hadi theluthi hivi ya uzito wake, na kinachobaki kinafaa shambani.

Ugumu unaanza kwa mnunuzi. Mkulima wa mchicha wa bondeni ana samadi ya kuku ambayo anaijua na inapatikana jirani. Mkulima wa mahindi wa mbali atalipia usafiri wa kitu chenye uzito mkubwa na virutubisho vichache kwa kila kilo. Na tangu msimu wa 2022/23 serikali imekuwa ikitoa ruzuku kwenye mbolea za viwandani. Kwa hiyo mboji iliyozaliwa na msaada inaingia sokoni kushindana na mbolea iliyoshushwa bei kwa ruzuku. Wataalamu wa udongo watasema, kwa usahihi, kwamba vitu hivyo viwili havifanyi kazi moja: mboji hujenga udongo na kushika maji, mbolea hulisha mmea. Mkulima mwenye shilingi 70,000 mfukoni hanunui hoja hiyo, ananunua mfuko mmoja.

Ukikipima kiwanda cha mboji kwa mauzo ya mboji, utakiona kinashindwa. Faida yake halisi iko kwenye kila tani ambayo haikusafirishwa kutoka Kinondoni hadi Pugu, pamoja na dizeli, foleni na tairi ulizoepuka. Ila dizeli iliyoepukwa inaonekana, kama inaonekana, kwenye kasma ya usafirishaji, na kiwanda kina kasma yake. Hakuna aliyeandika kwenye bajeti kwamba idara ya malori itailipa idara ya mboji kwa safari ambazo hazikufanyika. Ningekuwa mfadhili, ningedai jambo hilo moja kabla ya kununua hata koleo.

Jiji liliwahi pia kujaribu kuuza hewa yenyewe. Mwaka 2007 mradi wa kuvuna gesi ya dampo la Mtoni na kuzalisha umeme ulisajiliwa chini ya utaratibu wa maendeleo safi wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, ukiwa wa kwanza nchini. Fikra ilikuwa kwamba gesi itanaswa na viwango vya kaboni, yaani hati za gesi iliyozuiwa kwenda angani, vitauzwa kwa nchi tajiri. Kufikia mwisho wa 2012 bei ya viwango hivyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya euro moja kwa tani. Wanaokuja leo na habari mpya za biashara ya kaboni wanapaswa kuulizwa, kwa adabu, bei ikianguka nani atalipa mlinzi.

Waliotangulia kurejeleza

Urejelezaji wa Dar es Salaam haukuanza na mradi wowote. Ulianza na waokota makopo, wanunuzi wa vyuma chakavu na akina mama wanaoosha chupa za lita moja na nusu ili ziuzwe tena kwa wauza mafuta ya taa na asali. Hawa wanafika kabla ya lori, wanachukua chenye bei na kuacha kisicho na bei. China ilipofunga mlango wa plastiki chakavu kutoka nje mwaka 2018, soko la dunia la chupa lilitikisika, na mtikisiko wa namna hiyo mwisho wake humfikia mtu mwenye kiroba begani.

Maandiko mengi huwataja watu hawa katika aya moja, kama wanufaika. Kisha hujengwa kituo cha kuchambulia taka chenye uzio na geti. Geti linageuza chupa kuwa mali ya mkandarasi, na aliyekuwa akiishi kwa chupa hizo anakuwa mwizi. Chenye bei kilikuwa kikiokolewa tayari bila msaada. Kituo kipya kinajikuta kikigombania hichohicho, huku mifuko laini na nepi, ambazo ndizo zilihitaji ruzuku, zikiendelea na safari ya Pugu.

Mfano ninaoupenda uko kata ya Bonyokwa. Pale, kwa kusaidiwa na asasi ya Nipe Fagio, wakusanya taka waliunda ushirika wao. Wanapita nyumba kwa nyumba, wakazi wanatenganisha taka nyumbani, zinazooza zinakwenda upande wake na chupa upande wake. Msaada ulianzisha, lakini wanaofanya kazi ndio wenye ushirika, na ada inakusanywa na mtu anayejulikana kwa jina mtaani. Si mtambo wa mabilioni, na labda ndiyo sababu hauvutii kamera. Vikundi vya namna hii vinaweza pia kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingawa huo ni mkopo, na lazima urudi.

Kuna wafadhili waliojifunza kulipa kwa namna nyingine. Nchini Nepal, kuanzia 2013, mradi wa dola milioni nne na ushei uliopitia Benki ya Dunia haukununua malori kwanza. Ulitoa ruzuku ya kuziba pengo kati ya gharama ya huduma na ada ambayo miji iliweza kukusanya, na ulilipa baada ya huduma kupimwa, wananchi wenyewe wakiwa miongoni mwa walioulizwa. Kwa mpangilio huo mji unaokusanya ada vizuri haupotezi chochote kwa kujitahidi. Kwetu mara nyingi ni kinyume: halmashauri iliyojikongoja ikanunua lori kwa mapato yake inaonekana haina shida, na msaada unakwenda kwa jirani.

Marekani nako wanaomba. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola milioni 275, kwa miaka mitano hadi 2026, kwa ajili ya miundombinu ya urejelezaji, na katika duru ya kwanza miji ilishindania kati ya dola 500,000 na milioni 4 kila mmoja. Kwa hiyo kuomba si aibu ya nchi maskini. Tofauti ni kwamba miji mingi kule inapoomba tayari ina ada inayoingia pamoja na bili nyingine za nyumba, ina mizani, na ina jalala lililojengwa kitaalamu. Fedha inakuja kuongezea kitu ambacho tayari kipo. Kenya imechukua njia ya kusukuma sehemu ya mzigo kwa mzalishaji: sheria yake ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni abebe wajibu wa taka zinazotokana nayo. Kama kampuni ya soda italipia safari ya mwisho ya chupa yake, halmashauri itakuwa imepunguza kitu kimoja kwenye orodha ya vitu vya kuombea fedha.

Mabaraza ya madiwani hukutana kila robo mwaka, na vikao vya kawaida viko wazi kwa wananchi. Ukienda siku ambayo andiko la taka linajadiliwa, usipoteze muda kwenye jumla ya fedha. Tafuta jedwali la gharama za uendeshaji za mwaka wa tatu na wa nne, uone kama lina namba au lina maneno.

Letu lilikuwa na maneno. Sehemu ya uendelevu ilipewa nusu ukurasa, na tuliandika kwamba mradi utajiendesha wenyewe kupitia ada za wananchi na mauzo ya bidhaa zitokanazo na taka. Tuliomba malori manne na mashine ya kubana chupa, na tukapita mchujo wa kwanza. Mizani hatukuiomba. Mmoja wetu aliitaja jioni ile tukikusanya karatasi, na mwenzake akacheka, akasema mizani haina pa kuweka nembo.